Kushuti filamu fupi ya taharuki mkiwa wanafunzi Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo wa Moshi, na wachache wa Arusha, wanaotaka kutengeneza filamu yao ya kwanza ya kutia watu wasiwasi. Yameanza na ya msingi, yale magumu yako mwishoni. Jibu likishatolewa mahali pamoja, kwingine utaelekezwa tu namba yake.

## Wazo na skripti

1. Filamu ya taharuki ni lazima iwe na mauaji?

Hapana. Mauaji ni tukio, na taharuki ni kule kungoja. Mtazamaji anajua au anashuku kwamba kuna jambo linakuja, na hawezi kumwonya aliye ndani ya picha.

Chukua mfano huu, tutaurudia mara kadhaa. Rehema amepanga chumba Soweto, mtaa wa hapa Moshi. Siku moja anagundua kwamba mwezi mzima hajanunua umeme, lakini uniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, haziishi. Kuna mtu anaingiza tokeni kwenye mita iliyo kwenye korido, usiku, wakati yeye amelala. Tokeni, ile namba ya kuongezea umeme, ina tarakimu ishirini. Mpe Rehema kitanda, giza, na sauti ya vitufe vikibonyezwa huko nje kimoja kimoja mpaka ishirini, na hapo filamu unayo. Hujanunua damu wala bunduki.

Katika kila sini, yaani kila onyesho, jiulize: nani anajua nini, na tangu lini? Ukimwonyesha mtazamaji mapema mkono wenye kikaratasi cha namba, basi kila Rehema anapozima taa mtazamaji ataumia. Ukiuficha mkono huo hadi mwisho utapata mshtuko wa sekunde tatu. Vyote viwili vinaruhusiwa, ila filamu ya dakika nane inayotegemea mshtuko mmoja ina dakika saba na kitu za watu kukaa hawajui wanangoja nini.

2. Iwe na urefu gani?

Dakika tano hadi kumi. Kawaida ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja, lakini taharuki huvunja kawaida hiyo: mstari mmoja unaosema "Rehema anasikiliza" unaweza kula dakika nzima. Chukueni saa, mmoja asome kwa sauti, mwingine aigize kimyakimya chumbani. Mtapata urefu wa kweli kabla hamjakodi chochote.

3. Skripti inaandikwaje kwa Kiswahili?

Kila sini ianze na kichwa kinachosema ni ndani au nje, wapi, na wakati gani. Chini yake andika kinachoonekana na kinachosikika, basi.

NDANI. CHUMBA CHA REHEMA. USIKU
Giza. Mwanga wa simu usoni mwa Rehema. Nje, kitufe cha mita kinalia. Cha pili. Cha tatu. Midomo yake inahesabu.

Linganisha na hii, ambayo huletwa sana: "Rehema anakumbuka jinsi shangazi yake alivyomwonya kuhusu kupanga peke yake." Kameramani atapiga picha ya nini hapo? Onyo la shangazi likihitajika, liwe ujumbe wa sauti kwenye simu, au shangazi mwenyewe mlangoni akikagua komeo.

Kuhusu mazungumzo, waacheni watu waongee wanavyoongea. Mtu anayeenda dukani Pasua husema "Mangi, nipe vocha ya buku", hatoi taarifa ya habari. Lafudhi ya Kichaga nayo iwepo kama mhusika anayo, bila kuigeuza kichekesho. Kicheko kikitoka mahali pasipo pake, taharuki mliyoijenga dakika nne huondoka nacho.

4. Tukimaliza kwa "kumbe ilikuwa ndoto"?

Msifanye hivyo.

Mwisho mzuri unatokana na kitu ambacho mtazamaji alikiona mapema akakipuuza. Anayeingiza tokeni awe mtu tuliyekwisha kumwona mchana: fundi aliyekuja kurekebisha bati, kijana wa duka anayeijua namba ya mita kwa sababu Rehema hununulia umeme kwake. Mtu mpya akitokea dakika ya mwisho na kujieleza kwa maneno mengi, mtazamaji atajiona ametapeliwa. Mganga aliyetokea ghafla naye ni hivyohivyo.

5. Tunahitaji watu wangapi?

Waigizaji wawili au watatu. Nyuma ya kamera watu sita wanatosha: muongozaji, kameramani, mtu wa sauti, wa taa, mtunza mwendelezo (swali la 17), na mmoja ambaye kazi yake ni saa na simu tu. Huyo wa mwisho ndiye anayeachwa kila mara, na ndiye anayejua betri imebaki asilimia ngapi, nani yuko njiani, na jua linazama lini. Asiwe rafiki mpole. Muongozaji akiigiza pia, mtaona matokeo kwenye kuhariri.

6. Bajeti iende wapi?

Chakula, kisha usafiri wa kurudi nyumbani usiku, kisha memori kadi na betri. Kamera ya kukodi ije mwisho. Kikundi kilichokula chipsi mayai saa mbili usiku kitafanya kazi mpaka saa nne, lakini kilichoahidiwa soda kitaanza kuondoka mmojammoja. Na ni makosa kumwachia binti atafute mwenyewe daladala ya Kiboriloni saa nne usiku. Panga bajaji au bodaboda mnayemfahamu, na mlipe kabla.

## Vibali na maeneo

7. Tunahitaji kibali cha nani?

Kuna ngazi tatu, na moja haifuti nyingine.

Ya kwanza ni ya kisheria. Filamu nchini ziko chini ya Bodi ya Filamu Tanzania, kwa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976, ambayo inahusu kibali cha kutengeneza na pia ukaguzi kabla filamu haijaonyeshwa hadharani. Kwa wanafunzi, mlango wa karibu ni Afisa Utamaduni wa manispaa au wilaya. Nendeni na skripti iliyochapwa, barua ya shule au chuo yenye muhuri, na orodha ya maeneo na tarehe. Usiende na wazo kichwani. Ofisi inasoma karatasi.

Ya pili ni mtaa: mwenyekiti au mtendaji (swali la 8). Ya tatu ni mwenye mahali penyewe, awe mama mwenye nyumba, mkuu wa shule au mwenye duka. Mwandikie karatasi fupi inayotaja siku, saa na vyumba mtakavyotumia, asaini. Ruhusa ya mdomo iliyotolewa Jumatatu hubadilika Jumamosi wageni wakija.

8. Mwenyekiti wa mtaa tumwambieje?

Ukweli wote, hasa sehemu inayotisha. Mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba. Karibuni, kaeni."
"Asante mzee. Sisi ni wanafunzi, barua yetu hii hapa. Tunaomba kurekodi filamu fupi nyumbani kwa mama Neema, Jumamosi, saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne usiku. Kuna sehemu binti atapiga kelele, kama mara tatu hivi."
"Kelele za nini?"
"Za kuigiza, mzee. Tutakupigia kabla hajaanza, na tutakupigia tukimaliza."

Hiyo habari ya kelele ndiyo iliyowapeleka. Mtaa wenye ulinzi shirikishi ukisikia mayowe usiku utakuja na fimbo, na utakuwa na haki. Mwombeni awaarifu vijana wa doria, na majirani wa pande zote nne mkawaambie ninyi wenyewe, uso kwa uso. Mtu mmoja tu kwenye kikundi aongee, ambaye anajua kuamkia na kungoja kukaribishwa.

9. Tushutie wapi?

Nyumba moja. Hili hukatisha tamaa wengi, kwa sababu kila anayeanza anautaka mlima, msitu na reli ndani ya dakika nane. Kila mnapohama mnapoteza saa nzima kufunga na kufungua, na hofu hukaa vizuri zaidi mahali ambapo mtazamaji ameshajua mlango uko upande gani. Korido ya nyumba ya kupanga, yenye milango sita, taa moja na mita ukutani, ina kila kitu.

Mkitaka nje, kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, ni mahali pa ajabu. Migomba na mibuni ya Kibosho au Marangu inakula mwanga saa kumi na moja jioni, huoni mita kumi mbele, na majani makavu yanamsema kila anayepita. Msitu wa Rau uko karibu na mji, lakini ni hifadhi iliyo chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, kwa hiyo ombeni ruhusa na msiingie kwa kujificha. Hifadhi ya Mlima Kilimanjaro iko chini ya TANAPA, ina taratibu na ada zake. Kwa filamu ya kwanza iacheni ibaki kwenye upeo wa macho.

Na huo upeo una mtego. Kilimanjaro hujitokeza alfajiri na jioni, mchana hufunikwa na mawingu. Shoti ya kwanza ikiwa na kilele cheupe nyuma ya mwigizaji na ya pili, sini ileile, ikiwa na wingu tupu, mtazamaji wa Moshi ataliona kabla ya jambo lolote lingine. Geuzeni kamera upande wa tambarare.

10. Na stesheni ya reli? Kila mtu anaitaka.

Inaeleweka. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, wakati wa Wajerumani, na mahali hapo pana sura ya kale isiyohitaji kupambwa. Lakini si gofu: treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirudi Desemba 2019. Ombeni kwa Shirika la Reli Tanzania kwa barua, na hata mkiruhusiwa, msimweke mtu relini wala msimlaze juu ya mataruma kwa ajili ya picha. Mkihitaji treni, rekodini sauti yake mkiwa mbali na mumwonyeshe mhusika akigeuza kichwa.

11. Mwezi gani unafaa?

Epukeni masika, Machi hadi Mei, si kwa sababu ya kulowa bali kwa sababu ya bati: mvua ikianza hakuna mazungumzo yatakayorekodika. Juni hadi Agosti kuna baridi na mawingu mazito, na kwa taharuki huo ni mwanga mzuri, mlaini, usiobadilika kwa saa nyingi. Mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi kuna Kilimanjaro Marathoni, mji unajaa. Katikati ya Desemba Wachaga wote wanarudi nyumbani, kila chumba kina shemeji, na ile nyumba tupu mliyoahidiwa Rombo haitakuwa tupu.

## Vifaa, mwanga na sauti

12. Simu inatosha?

Inatosha, mkiiondolea uhuru wa kujiamulia. Simu ikiachwa yenyewe hubadilisha mwanga na rangi katikati ya shoti: mwigizaji anapita mbele ya dirisha, chumba kizima kinageuka giza. Tumieni programu inayofunga mwanga, rangi na fokasi, kama Blackmagic Camera, ambayo ni ya bure. Tripodi ni muhimu kuliko lenzi. Mkono unaotetemeka hausemi "hofu", unasema "hatukuwa na tripodi".

13. Mbona taa zinachezacheza kwenye video?

Umeme wetu ni wa hezi 50, na simu nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde kama ilivyozoeleka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60. Taa za LED na za mirija hupepesa kwa mdundo wa umeme, na kamera isiyoendana nao huonyesha mistari inayopita. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50 ya sekunde. Ikibaki inacheza, badilisheni balbu. Zile za bei ya chini sana ndizo zenye matatizo.

14. Sini za usiku tunazishutije bila taa kubwa?

Nyingi msizishuti usiku. Hapa jua huzama kati ya saa 12:20 na 12:55 jioni mwaka mzima, na baada yake kuna dakika kama ishirini ambapo anga ni ya bluu, nyumba ni nyeusi, na kamera bado inaona. Shoti zote za nje za "usiku" zipigwe humo. Zifanyieni mazoezi tangu saa kumi na moja, kila mtu asimame mahali pake, muanze jua likishuka.

Ndani ya nyumba ni rahisi zaidi. Zibeni dirisha kwa kanga mbili na blanketi, na hata saa nane mchana itakuwa usiku wa manane. Kisha mwanga mmoja tu uwe na sababu: skrini ya simu, taa ya korido inayopita chini ya mlango, tochi. Kwa Rehema, weka taa ya kuchaji kwenye korido, mlango ufunguliwe upana wa kidole, na mstari wa mwanga uangukie kitandani. Mtu akipita nje, mstari unakatika. Hiyo shoti peke yake inatisha kuliko uso wowote uliopakwa unga.

Taa za kuchaji na pawabenki ziwe zimejaa tangu jana. Umeme ukikatika, na utakatika, kazi iendelee.

15. Sauti yetu ni mbaya kila mara. Tunakosea wapi?

Mnarekodi kwa simu iliyo mbali na mdomo. Ile inayopiga picha iko mita tatu, inasikia chumba chote, feni, na kuku wa jirani. Chukueni simu ya pili, izimwe mtandao, iwekwe karibu na mwigizaji nje ya fremu: chini ya mto, nyuma ya kikombe, mfukoni mwa shati ikiwa na maikrofoni ya kubana. Kila shoti ianze kwa kofi moja mbele ya kamera. Kofi hilo ndilo litakalowasaidia kuoanisha sauti na picha baadaye.

Zimeni friji, na mtu mmoja apewe kazi ya kuliwasha tena, kwa sababu mama mwenye nyumba ana nyama ndani. Tandikeni mablanketi sakafuni na ukutani upande usioonekana. Vyumba vya sakafu ya saruji vina mwangwi wa bafuni. Kabla ya kuondoka, wote nyamazeni, rekodini sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho. Mhariri atautumia kuziba nyufa kati ya shoti.

Kuna mgongano mmoja wa kuuzingatia. Zile dakika ishirini za swali la 14 ndizo hasa za adhana ya magharibi, na katikati ya mji utaisikia kutoka pande mbili tatu. Kwa hiyo wakati huo pigeni picha zisizo na maneno. Jumapili asubuhi spika za makanisa nazo zina zamu yao. Anayeshika saa (swali la 5) aandike nyakati hizi kwenye ratiba kama anavyoandika chakula.

Sauti za kutisha zirekodiwe peke yake, karibu sana: komeo, ndala kwenye saruji, vitufe vya mita. Vitufe virekodiwe vyote ishirini kwa mkupuo mmoja, na mbonyezaji asite kidogo kabla ya kile cha mwisho. Msichukue mlio mmoja mkaunakili mara ishirini, sikio hugundua. Usiku wa Njoro una vyura na nyenje wa bure, wachukueni wa kutosha.

## Siku ya kushuti

16. Tushuti kurasa ngapi kwa siku?

Mbili, tatu mkiwa wepesi. Msifuate mpangilio wa hadithi, fuateni mwanga na mahali: shoti zote za korido kwa pamoja, kisha zote za kitandani. Sini ngumu zaidi isiwe ya kwanza wala ya mwisho.

17. Mwendelezo unatunzwaje?

Kwa picha za simu mwishoni mwa kila shoti: nywele, nguo, mikono, vitu mezani, mlango ulikuwa wazi kiasi gani. Adui mkubwa ni saluni. Binti aliyeshuti Jumamosi akiwa na yebo akaja Jumapili inayofuata na rasta mpya, mmepoteza Jumamosi. Mwambieni mapema, na kama ni wa sekondari ulizeni shule inakagua nywele lini.

Kwenye taharuki kuna mwendelezo mwingine, wa nafasi. Chagueni upande mmoja wa mstari unaowaunganisha wahusika wawili na kamera ibaki upande huo, ili anayefuata na anayefuatwa waelekee njia moja kwenye skrini. Kamera ikivuka, watu wawili wanaokimbia pamoja wataonekana wanakimbiliana.

18. Tunataka sini ya mtu kukimbizwa mtaani. Tufanyeje?

Kwanza fikirini kama mnaihitaji, kwa sababu hii ndiyo sini yenye hatari kuliko zote humu. Kijana anayekimbia na watu nyuma yake katikati ya Mbuyuni au Kiusa haonekani kama mwigizaji. Mtu mmoja akipiga kelele ya "mwizi!", hakuna atakayeuliza kamera iko wapi. Watu wamepoteza maisha nchini hivyohivyo, kwa neno hilo moja.

Mkiamua kuifanya, basi: kichochoro kimoja, Jumapili asubuhi na mapema, kwa ruhusa za swali la 7. Kijiwe cha bodaboda kilicho karibu kiarifiwe na mmoja wao alipwe kusimama nanyi, maana bodaboda ndio wanaofika wa kwanza. Wawili wenu wakae kwenye kila mdomo wa kichochoro wakiwa na barua, wawaambie wapita njia. Hakuna anayepiga kelele yoyote. Mayowe mtayarekodi ndani baadaye. Na msikimbie mbio nzima. Pigeni shoti fupifupi, hatua kumi kumi: miguu, kona, mgongo, uso ukigeuka. Kwenye kuhariri itakuwa ndefu na ya kasi.

Njia nyingine, ambayo mimi huipenda zaidi, ni kutembea. Rehema anatembea, ndala nyuma yake zinatembea. Akisimama, zinasimama hatua moja baadaye. Hakuna mtu wa kumwitia mwizi, na ukumbini watu watabana pumzi.

19. Bunduki, mapanga, damu na sare za polisi?

Bunduki ya bandia isionekane hadharani hata kidogo, wala ndani ya begi la mtu anayepanda daladala. Panga liwe la mbao nyepesi lililopakwa rangi, hata ndani ya nyumba. Sare za polisi na majeshi zina sheria yake, raia hazivai kwa kujiamulia. Askari wa filamu yenu avae kiraia na aongee kama askari, mtazamaji ataelewa. Damu: sukari iliyochemshwa na maji mpaka iwe nzito, rangi nyekundu ya chakula, na kakao kidogo kuondoa ule wekundu wa juisi. Haitoki kwenye shati jeupe la shule, kwa hiyo shoti ya damu iwe ya mwisho ya siku.

20. Tunaweza kurusha droni?

Hapana, hadi mpate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa filamu ya korido, ya nini?

## Baada ya kushuti

21. Faili tuzitunzeje?

Nakala mbili kabla hamjalala, kwenye vifaa viwili, kwa watu wawili wanaokaa nyumba tofauti. Memori kadi haifutwi mpaka mmoja amezifungua nakala zote na kuzitazama. Simu ya mwigizaji isiwe ndiyo pekee yenye sauti.

22. Tuhariri kwa programu gani, na taharuki inajengwaje huko?

DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye nguvu, linalotaka kompyuta yenye nguvu pia. CapCut ya simu inatosha kwa dakika nane.

Programu si kazi, kazi ni kuamua shoti ikae muda gani. Wengi hukata haraka wakidhani kasi ni hofu. Acheni shoti ya mlango ikae mpaka mtazamaji aanze kukagua pembe zake, kisha iacheni kidogo zaidi. Onyesheni watu watatu ambao hawajasoma skripti, msiwaeleze kitu, na mtazame nyuso zao badala ya skrini. Pale wanaposhika simu, kateni. Baada ya hapo waulizeni kila mmoja: ulianza kumshuku nani, na wakati gani? Majibu hayo yatawarudisha kwenye swali la 1.

23. Tutumie wimbo wa Bongo Fleva tunaoupenda?

Bila ruhusa ya wenye haki, hapana, hata kama ni sekunde kumi na hata kama mmeandika shukrani mwishoni. YouTube itautambua na wenye wimbo wanaweza kuizuia video. Mtafuteni mwanafunzi mwenye kinanda au gitaa, noti mbili zinazorudiwa zinatosha. Au wekeni kimya.

24. Tutaionyesha wapi?

Shuleni kwanza, kwenye ukumbi uliozibwa madirisha, spika ya kukodi. Kwa maonyesho ya hadharani rudini kwenye swali la 7. Matamasha mengi hupokea filamu fupi kupitia jukwaa la FilmFreeway. La karibu lenye jina ni ZIFF la Zanzibar, lililoanzishwa 1997. Wekeni manukuu ya Kiingereza yaliyosomwa na mtu wa pili. Msizungumze Kiingereza ndani ya filamu ili kuwafurahisha waamuzi.

## Mambo magumu

25. Mwigizaji mkuu amejitoa katikati. Tuanze upya?

Tazameni kwanza mlichonacho. Mkono, mgongo, kivuli na sauti vinaweza kuigizwa na mtu mwingine mwenye umbo la kukaribia, na kwenye taharuki kutoonyesha uso si ajabu. Huenda filamu ikahamia kwa yule aliye kwenye korido, anayebonyeza vitufe na kusikiliza kama ndani kuna anayepumua. Skripti iandikwe upya kwa siku mbili, si kwa kiraka cha usiku mmoja.

26. Mwigizaji ana miaka 15. Kuna la ziada?

Mzazi au mlezi asaini baada ya kusoma skripti nzima, na awe na ruhusa ya kuja siku ya kushuti. Kazi iishe mapema, saa moja usiku awe njiani kurudi na mtu mzima. Mwonyesheni kabla jinsi kila kinachotisha kinavyotengenezwa. Kumshtua kweli ili mpate uso mzuri ni ukatili, na uso huo hamwezi kuupata mara ya pili kwa ajili ya shoti ya karibu.

27. Tunataka kutumia kisa kilichotokea kweli mtaani kwetu.

Chukueni hali, acheni watu. Badilisheni jina, kazi, mtaa, na lile jambo moja ambalo kila mtu wa pale atalitambua. Kama kuna familia iliyofiwa, mji huu ni mdogo. Dada wa marehemu anaweza kuwa ndiye aliyeketi safu ya pili. Kesi ikiwa bado mahakamani, achaneni nacho kabisa.

28. Filamu ikishaisha ni ya nani?

Ya mliyeandika kwamba ni yake. Haki za kazi za ubunifu zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, lakini sheria haitawasaidia kukumbuka nani aliahidiwa nini chini ya mwembe. Kabla ya siku ya kwanza andikeni ukurasa mmoja: nani aliandika, nani ameongoza, nani anaruhusiwa kuipakia na kwenye akaunti gani, zawadi ya fedha ikija inagawanywa vipi, na shule inaruhusiwa kuitumia wapi. Wote wasaini, na aliyeleta kamera asaini kwamba kukopesha kamera hakumpi filamu.